Chupa Mbili Tupu za Mzee Lasse

Mzee Lasse,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, acha nikwambie mwenyewe: nimevunja ahadi. Nimemwambia Furaha. Nimemwambia yote, ya sufuria, ya zile chupa, na ya asubuhi ile pia. Najua uliniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mke wangu, nami nikaapa nikiwa nimeshika kata yako ya mbao kama mtu aliyeshika Biblia. Basi nikemee huko uliko, ukimaliza utulie unisikilize, maana mambo yamekwenda vizuri kuliko tulivyostahili mimi na wewe.

Tangu ututoke mwezi wa pili, katika joto lile ambalo miaka arobaini ya Sydney haikukuzoesha, yamebadilika machache. Kule ghalani Wetherill Park wamepaka rangi chumba cha chai. Kiti chako cha dirishani hakuna anayekikalia, na si kwa heshima tu: mguu wake mmoja umelegea, na ni wewe peke yako uliyejua namna ya kukikalia bila kuanguka. Nyumba yako ya Rooty Hill imeuzwa. Mpwa wako aliyetoka Uswidi kuja kukuzika alinipigia simu nikachukue mzigo wangu. Nikakuta sufuria ya shaba, kata, na mfuko wa kitambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa mbili za divai, tupu, umeziviringisha kwenye kijitaulo chako cha jikoni kama mapacha. Yule binti akasema uliandika kwenye karatasi kwamba vyote ni vya Baba Neema. Aliniangalia kwa huruma, nadhani alifikiri mjomba wake akili zilimruka mwishoni. Nilicheka njia nzima huku machozi yananitoka, hata nikapitishwa kituo changu na treni.

Nani angeelewa zile chupa? Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi inapokaza, ulikuwa unatukusanya sisi wa ghalani uani kwako tunywe glogi. Divai nyekundu ya moto yenye viungo, ulitueleza, ambayo kwenu hunywewa Krismasi theluji ikiwa imefika dirishani. Huku Krismasi watu tunatoka jasho, ndiyo maana ukaihamisha. Watu wanafika wamejikunyata, wanaziona chupa mbili kwenye dirisha la jikoni, wanapokea vikombe vyenye zabibu kavu na lozi chini, na kijiko kidogo cha kuzichotea. Kikombe cha pili, Kamau, yule Mkenya anayeendesha foklifti za kuinulia mizigo pamoja nami, anaanza nyimbo za kanisani. Cha tatu anakukumbatia anakuita baba. Kesho yake anatuma ujumbe kwamba kichwa kinamgonga.

Mzee, miaka mitano nimeuma midomo! Sufuria ile haijawahi kuona tone la divai. Ni juisi ya zabibu nyekundu, juisi ya zile beri nyeusi kali, na chai ya rangi nzito iliyolala na viungo usiku kucha mpaka inaukaza ulimi kama divai yenyewe. Na chupa mbili ulizookota kwenye pipa la jirani, zilezile kila mwaka, karatasi zake zimefifia hata hazisomeki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ulinikabidhi mimi.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipoinua kifuniko. Iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi kavu, maganda ya chungwa. Nikasema mbona hii ni chai ya mama yangu imevaa koti. Kwa hiyo nikaichochea moto kama chai ya mama yangu, nikingoja ichemke ipande, na wewe ukaja mbio na kijitaulo begani ukipiga kelele usichemshe, usichemshe, ikianza kufuka tu unashusha, divai ikichemka nguvu yake yote inaruka na mvuke. Nikakuuliza, lakini Mzee, kama hamna divai humu, tunaogopa nini kuruka? Ukafikiri kidogo. Ukasema, heshima.

Sasa nikuambie kosa langu. Chupa nilizificha gereji nyuma ya matairi, maana kuzitupa sikuweza. Wiki ya glogi, ambayo mwaka huu niliwaalika wale wa ghalani tuinywee kwangu, Furaha akaingia gereji kutafuta hita ya chumba cha Neema. Niliporudi kutoka kazini nikazikuta mezani, zimesimama kando ya chumvi. Nikasema ni za Mzee Lasse. Akasema, Mzee Lasse amekufa mwezi wa pili.

Akarudi jikoni. Na Furaha akipiga kelele mimi huwa siogopi, akinyamaza ndipo naogopa. Hukupata kumjua vizuri, kwa sababu hakukanyaga kwako hata mwaka mmoja. Alisema hawezi kwenda kukaa kwenye kiti amtazame mumewe akinywa. Ninaporudi nanukia karafuu ananipokea mlangoni, ananusa shati, nami nasema nilikunywa juisi tu. Anajibu, eeh, juisi.

Ana haki, Mzee. Tulipofika nchi hii kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikuwa naficha chupa ndani ya mabuti ya mvua, ndani ya tangi la choo, mpaka kwenye begi la nepi za Neema. Alizimwaga kwenye sinki moja moja. Ya mwisho alipoimwaga aliniambia, Baba Neema, ikiingia nyingine humu ndani sitakuuliza kitu, nitamchukua mtoto twende kwa dada. Nikaacha. Wallahi, kama wanavyosema rafiki zetu Waislamu, niliacha. Ila hakujua niliacha namna gani, wala kwa mkono wa nani.

Basi Alhamisi akakunja nguo za Neema akazitia kwenye begi la shule. Akasema bila kugeuka, Jumamosi sisi tutakuwa kwa dada. Hakusema watarudi lini, nami sikuthubutu kuuliza. Nilikaa kitandani nikawaza. Nikisema, nimemsaliti marehemu. Nisiposema, nyumba yangu inaondoka na begi la shule. Na ukweli wenyewe, sikuwa nakulinda wewe peke yako. Ili nimweleze chupa zile ilinibidi nimweleze ile asubuhi, na ile asubuhi nilikuwa nimeizika.

Jumamosi nikaamka, nikachuja viungo, nikapasha sufuria. Begi liko mlangoni. Neema yuko sebuleni amevaa koti, anaangalia katuni. Nikamwita mama yake kama ulivyoniita mimi mwaka ule wa kwanza, kwa maneno yaleyale: njoo unionjee. Akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani. Akasema, mimi? Unataka mimi nionje pombe? Nikamwambia, onja kwanza halafu uende, sitakuzuia.

Nikaanza kusema. Nilisema nikiangalia sufuria, maana kumwangalia yeye nisingeweza. Kwamba asubuhi moja nilifika kazini nimelewa, si harufu ya jana, nimelewa chakari, naenda kupanda foklifti katikati ya watu. Kwamba mzee mmoja wa Uswidi aliyekuwa anamaliza shifti ya usiku alinishika mkono akaninusa kama yanavyonuswa maziwa. Akaniambia, wewe leo unaumwa tumbo. Nikasema siumwi. Akasema, unaumwa sana. Akaniombea ruhusa kwa simu mwenyewe, akanitia kwenye gari lake hadi Rooty Hill, akanilaza kwenye kochi. Nilipoamka akanilisha viazi na samaki wa siki, nikatapika, na mpaka leo sijui ilikuwa pombe au ni yule samaki.

Nikamwambia na ulichoniambia jioni yake. Kwamba ilikuwa miaka kumi na tisa hujagusa pombe. Kwamba ulianza kuacha siku mkeo alipoweka ufunguo wake wa nyumba mezani akaenda zake, na ingawa uliacha, hakurudi. Kwamba hukutaka watu wajue, kwa sababu wakijua watakutazama kama mgonjwa, watakuwa wanakunywa kwa kukuficha, na wewe ulitaka tu nyumba yenye watu na kicheko mara moja kwa mwaka. Hapo nikaishia, Mzee. Nikabaki nakoroga.

Furaha akachukua kata mkononi mwangu. Alinusa kwanza, akanusa sana, unajua pua yake ilivyopata mafunzo. Akaonja. Akaonja tena.

Hii ni chai, akasema.

Nikamjibu ni chai na juisi.

Akanitazama. Na wanaume wazima wanaimba kwa hii?

Akaanza kucheka, Mzee, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni kwa gauni lake la kutokea, na katikati kicheko kikageuka kilio, akanipiga na kijitaulo chako cha jikoni begani, mgongoni, popote. Ungeua mtu na ile mashine! Kwa nini hukuniambia? Nikasema niliona aibu. Akasema, wewe umebeba aibu miaka mitano, mimi nimebeba hofu miaka mitano, kwenye nyumba moja, kitanda kimoja, si tungesaidiana? Halafu akasimama, akajifuta, akasema, hasira yangu nitaimaliza Jumapili, leo una wageni. Akamwita Neema avue koti. Chupa zile mbili akazichukua pale zilipokuwa, akazipanga mwenyewe dirishani, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama zinaonekana vizuri kutoka uani.

Walikuja wote. Ua wetu wa hapa Liverpool, hii ya Sydney, ni mdogo kuliko wako, wengine walisimama hadi gereji, lakini mvuke ulipopanda na vikombe vikazunguka, nakwambia kidogo niitikie nikidhani umeniita. Kamau akaja na chupa ya kweli, imejaa. Ya kumuenzi Mzee, akasema, tuongezee kidogo kwenye sufuria, Mzee angefurahi. Akaifungua hapohapo mbele yangu. Ile harufu ikanifikia. Sikudanganyi wewe, nilijikuta nimekishika kikombe changu kwa mikono miwili.

Furaha alikuwa anapita na sinia ya maandazi. Aliweka sinia, akaichukua chupa mkononi mwa Kamau kwa upole, akaifunga. Shemeji, akasema, glogi ya Mzee haiongezwi kitu. Hujui ilivyo kali hii? Ukiongeza na hiyo utaendesha gari vipi kurudi? Kamau akaomba radhi! Akairudisha chupa garini. Kikombe cha pili akaanza nyimbo za kanisani, cha tatu akanikumbatia akaniambia, buda, hii ya leo imeniweza kabisa. Furaha akanitazama kupitia mvuke wa sufuria, akaingia ndani haraka, nikamsikia anacheka peke yake jikoni.

Jumapili aliimaliza hasira yake, kama alivyoahidi. Ilichukua kutoka kanisani hadi saa kumi alasiri, na sitakusimulia. Nilistahili.

Leo asubuhi nilimkuta anaosha zile chupa kwa maji ya moto, polepole, asije akazibandua zile karatasi. Alizikausha. Akafungua kabati la kioo, lile lenye vikombe vya harusi yetu na vyeti vya Neema, akasogeza vikombe, akaziweka katikati. Mikono ileile iliyomwaga chupa zangu kwenye sinki. Neema akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini tunaweka chupa za pombe kabatini na ni za nani. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili, bila kugeuka: ni za babu yako.

Kwa hiyo nisamehe, Mzee, au usinisamehe, lakini siri sasa ina watu wawili na inalala vizuri zaidi. Wengine hawatajua. Kila mwezi wa saba sufuria itafuka, chupa zitasimama dirishani, na Kamau ataimba. Hilo nakuahidi. Na siku nitakapomnusa mtu getini asubuhi kama ulivyoninusa mimi, nitamshika mkono nimwambie anaumwa tumbo.

Kwaheri, mzee wangu. Kama huko nako kuna baridi na wamekupa jiko, usichemshe.

Baba Neema