Masizi ya Nyota ya Bati

Kiganjo, Nyeri
Tarehe 16 Novemba, 2025

Mpendwa Dada Emmah,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, wewe uliyekimbilia joto la Doha. U mzima? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tuko salama. Mama ana kikohozi kidogo tu, na mimi nazidi kupendeza.

Ulisema ati nikipiga simu ni kelele tupu, basi nimeandika. Usicheke mwandiko, niliishia kidato cha pili.

Jua kwamba nduguyo sasa ni mtu mkubwa. Kutoka Naro Moru mpaka Wamagana, hakuna pambo la zamani la Krismasi lisilonijua. Watu wakibomoa nyumba kuukuu, mimi niko hapo kabla mabati hayajashuka. Niko na mipira kumi na mmoja ya kioo, myembamba kama ganda la yai, kengele za karatasi za kukunjua, na gari la bati linaloendeshwa na Baba Krismasi asiye na kichwa. Muriithi wa duka hunipigia kelele, "Wee Desemba, umeokota takataka gani leo?" Wivu tu. Pasta ameniomba niyaonyeshe yote kanisani, meza mbili nzima!

Hapo ndipo nilipoharibu.

Unaikumbuka ile nyota ambayo Baba, Mungu amrehemu, aliikata kwa mkebe wa mafuta ya kupikia? Kila tarehe ishirini na tano yeye, polisi wetu, alikuwa zamu, akilinda sherehe za wengine. Mama aliitundika dirishani, mshumaa nyuma yake, na hatukuonja chapati mpaka arudi, hata iwe tarehe ishirini na nane. Nimeipata chini ya sanduku, mgongo wake mweusi tititi. Nikaona aibu kuipeleka kanisani hivyo. Nikaisugua kwa majivu na waya ya sufuria mpaka ikang'aa, nikampelekea Mama nikijisifu.

Aliigeuza, akapitisha kidole nyuma, akakitazama. Kilikuwa safi.

"Mutuku, hayo masizi yalikuwa ya kumngojea baba yako," akasema. "Miaka kumi na tisa." Kisha akaenda kuchambua maharagwe.

Mimi ninayewagombeza watu wa Wamagana kwa kupaka rangi kengele za zamani! Vya wengine naviheshimu, cha kwetu nikakiona uchafu. Nilitaka kuyarudisha masizi kwa moshi wa kibatari, Mama akakataa. "Masizi ya uongo sitaki."

Jumapili iliyopita jioni nikamkuta ameitundika dirishani na kuwasha mshumaa. Novemba! Nikamuuliza anamngoja nani, na Baba harudi.

"Kwani Emmah hayuko kazini?" akajibu.

Kwa hivyo nyota haiendi kanisani. Pasta atatosheka na yule asiye na kichwa. Na chapati za Krismasi hazipikwi mpaka uje, unamjua Mama. Omba ruhusa kwa mkubwa wako, hata ikiwa ya Februari. Lakini usichelewe sana, mimi njaa siiwezi.

Mama anakusalimu, pia Shangazi Phoebe na jirani yetu Mama Raudha. Mungu akufunike huko uliko, akufungulie njia ya nyumbani.

Wako akupendaye, mwenye meza mbili,
Mutuku

Nimechungulia nyuma ya nyota asubuhi hii. Kuna weusi kidogo, kama ukucha. Huo ni wako. Sitaugusa.