Bi Chachu wa Kwenye Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Sukari kumi na nne! Nesi kaniangalia kama mteja aliyeshonewa suruali mguu mmoja mfupi. Kasema nijaribu kabichi ya kuchachusha: kabichi, chumvi, chupa, siku saba. Ina bakteria wazuri, tumbo linawapenda. "Inasaidia tu, baba, haiponyi. Vidonge palepale. Na vijiko viwili, siyo sahani. Ina chumvi hiyo!"

Nimeikata kwa mkasi wa kitambaa. Vipande vimenyooka kama utepe. Mke wangu angeona, angenifukuza jikoni. Lakini yeye yuko kwa binti yetu. Alikwenda kulea mjukuu kwa miezi mitatu tu. Huu mwaka wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Mimi fundi, suruali ya mtu siishoni bila kuacha inchi ya akiba akinenepa — halafu chupa nimeijaza mpaka shingoni. Asubuhi nakuta imefurika, maji yamefika kwenye sketi ya mwalimu. Nimeifua mara mbili. Kaja kuichukua, kainusa, kauliza kama siku hizi kuna anayenipikia.

Nikacheka sana. Kuliko ilivyochekesha.

Jumapili, 9 Machi

Kila asubuhi nalegeza kifuniko gesi itoke. Fyuuu! Nami najibu: salama, Bi Chachu, umeamkaje? Ndiyo, nimeipa jina. Leo sikuongea na mwingine. Jana niliongea na kiuno cha mteja: tisini na sita, shusha pumzi, asante.

Jumatatu, 24 Machi

Wiki mbili za kabichi, chai bila sukari, vidonge bila kuruka. Kumi na tatu. Siyo haba, kasema nesi, ila daktari anataka nianze sindano. Sukari inaweza kushuka ghafla nikiwa usingizini, kwa hiyo mtu wa nyumbani lazima aje afundishwe dalili.

"Unaishi na nani, baba?"

Ulimi huu! "Bi Chachu."

Akaandika. Akaandika kweli!

"Ijumaa uje naye."

Jumatano, 26 Machi

Nimempigia mke wangu. Nimemsimulia kabichi, sketi, mwalimu. Kacheka mpaka mtoto kaamka. "Baba watoto, utachacha wewe mwenyewe humo ndani!" Kisha kauliza, kwa sauti nyingine, kama kuna jingine. Nikasema hamna.

Mjinga mkubwa mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Naandikia kwenye benchi la kliniki. Alfajiri nimempigia tena, nikatoa yote kwa pumzi moja: sindano, usingizi, Bi Chachu aliyeandikwa kwenye faili. Hakucheka. Nikamsikia anamuuliza binti basi la kwanza linatoka saa ngapi — simu ikazima. Chaji! Siku zote nachaji pasi, simu nasahau.

Basi la kwanza ni la saa mbili. Safari ni mwendo wa saa nne, barabara ikiwa na huruma. Sasa ni saa sita na robo. Daktari anaondoka saa saba. Nimeshawapisha watu wanne foleni, wananiona mstaarabu.

Nesi kachungulia: "Baba, huyo Bi Chachu vipi?"

Yuko njiani, nimesema.

Begi langu nimeliweka kwenye nafasi ya pembeni. Mama mmoja kaomba kukaa. Samahani dada, nimemwambia, hapa pana mtu.