Saini ya Ijumaa

Jumamosi, 7 Juni

Baba amenitafutia kazi bila kuniuliza. Karakana anayofanyia kazi, ya kutengeneza winchi, inataka msaidizi, na Bosi yuko tayari kunichukua nikimaliza tu mtihani wa mwisho. Baba ananinadi mbele ya wageni kama mbuzi mnadani: binti yangu anasoma sana, hasemi sana. Wageni wakacheka. Shangazi naye eti chuo cha uhandisi ni miaka mitatu, mtu atatoka huko kazeeka. Nani kamuuliza? Nilikuwa pale pale, nimeshika sinia la vikombe. Sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumanne, 10 Juni

Nimejaribu kufikiri kwa haki. Kazi – naipenda kweli. Minyororo, gia, hata harufu ya grisi. Chuo – mwaka wa kwanza wote hesabu tupu, na Mama azidi kuinamia cherehani ya watu ili nisome. Nusura niseme ndiyo. Mwalimu wa fizikia akaniambia nisiwe mjinga. Ushauri gani huo!

Ijumaa, 13 Juni

Nimetoka shule moja kwa moja hadi karakana, nikaone mwenyewe. Baba alikuwa ametumwa dukani. Mafundi wakaniita Profesa, wakanisogezea kigoda. Winchi zimepangwa mlangoni zikingoja ukaguzi – za kuinua matofali na zege juu ya vichwa vya watu. Injinia akaja. Hata gari hakuzima. Akasaini karatasi zote juu ya boneti, vibandiko vya kijani vikabandikwa, huyoo! Hakufungua hata moja. Ile ya mwisho mnyororo wake umeliwa na kutu, nimeuona kwa macho yangu.

Nikamuuliza fundi aliyekaa karibu nami, kwa sauti ya chini, mbona hivyo. "Profesa," akasema, "hapa mwenye cheti ndiye mwenye macho." Wakacheka tena.

Basi. Naenda chuo. Nakitaka hicho cheti ili siku moja nikatae kusaini.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia Baba siichukui kazi. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Akasema ameshampa Bosi neno lake, namvua nguo mbele za watu. Kisha akauliza sababu. Nikamweleza: Injinia, gari, mnyororo. Nilidhani atashtuka. Nilimtaka ashtuke.

Akatazama mikono yake. "Unadhani sijui, mwanangu? Mimi ndiye ninayempelekea soda."

Soda! Nimeingia chumbani nikabamiza mlango – mimi, nisiyebamiza kitu. Halafu nikakumbuka waliyosema mafundi, kwamba winchi ile ya kutu inapelekwa kesho kwenye ghorofa linalojengwa, na anayepanda kuifunga ni yeye. Nikamwambia kutoka humu ndani: usiende, Baba. Nikarudia kwa nguvu zaidi.

Namsikia sebuleni anapanga spana kwenye begi, moja moja. Sasa ameacha. Yuko mlangoni, anauliza huo mnyororo umeliwa upande gani.