Mama Mkwe na Mstari Mwekundu

Bi Safiya, shikamoo. Naomba unisaidie mwanao kabla ya Alhamisi tarehe kumi na nane, maana siku hiyo saa mbili asubuhi mama mkwe wangu anatakiwa hospitali ya Kolandoto kufanyiwa upasuaji wa jicho la pili, na mpaka naandika hapa yuko kwake Didia, amenuna, amesema haji, jicho moja linamtosha, na aliyesababisha yote ni mimi.

Mimi nina miaka thelathini na minne, nimeoa, tuna mtoto mmoja anaitwa Blessing, tumepanga hapa Ibadakuli, ila kazi yangu iko Geita, ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mwezi wa nne jiwe liliniangukia mguuni, nikawekwa chuma, nilipoona ile sindano ya mgongo nililia kama mtoto lakini hayo tuyaache, nikarudi nyumbani na plasta mpaka gotini. Wiki hiyohiyo mke wangu Lusia akaniambia mama yake naye anakuja kukaa kwetu, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona ukungu tu, na hospitali wamesema presha ishuke kwanza ndipo wamfanyie jicho moja, halafu baada ya wiki kadhaa la pili.

Bi Safiya, wewe umeolewa Usukumani, unajua mambo yetu. Mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, akipita yeye mimi napisha. Sasa nitapishaje na mguu huu? Lusia anashinda sokoni, Blessing yuko shule, nyumba ina sebule moja na vyumba viwili, tumebaki humo wagonjwa wawili, mmoja haoni na mwingine hatembei, na ni wakwe! Lusia ndiye aliyetupangia, akasema mama atakaa koridoni nyuma ya pazia, mimi nikae sebuleni kwenye kochi, kila mtu na upande wake.

Tukaishi hivyo vizuri tu mpaka shemeji yangu Kalisti, mdogo wake Lusia, alipokuja na kale kakisanduku ka TV ya intaneti, unakachomeka nyuma ya televisheni, huhitaji dishi wala nini, mwezi wa kwanza ni bure wa kujaribu, na kitu unaangalia saa unayotaka wewe, ukichoka unasimamisha, kesho unaendelea palepale ulipoishia. Akasema, "Shemeji, kajaribu, utapona haraka." Siku za kwanza niliangalia mpira, sauti chini kwa heshima. Siku moja nikaweka tamthilia, ile ya familia yenye kiwanda cha sabuni na mtoto aliyeibwa akiwa mchanga, wameitafsiri Kiswahili, na katikati ya sehemu ya kwanza nikasikia sauti kutoka nyuma ya pazia, "Baba Blessing, huyo mwanamke analilia nini?"

Nikashtuka. Nikasimamisha. Nikamwambia, "Mama, analia kwa sababu ameona kiatu cha mtoto kwenye kabati la shangazi." Akasema, "Ee, huyo shangazi simpendi tangu alivyocheka." Jamani Bi Safiya, ndipo tulipoanzia hapo. Maneno alikuwa anayasikia mwenyewe, lakini tamthilia nusu yake ni macho, mtu anaficha barua, mtu anachungulia dirishani, hayo yote nikawa namsimulia mimi, "Mama, sasa shangazi ameingia, amevaa nguo nyeusi, ameshika chupa, anaangalia nyuma." Na yeye anajibu, anawatukana wale watu kwa Kisukuma, anacheka mpaka anakohoa. Tukawa tunaangalia sehemu mbili asubuhi na moja baada ya chakula. Presha ikashuka, daktari akauliza anakunywa dawa gani ya zaidi. Na mimi nisikufiche, mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, sijawahi kukaa na mama nikazungumza naye siku nzima.

Basi akaniuliza jinsi TV inavyojua tulipoishia, nikamweleza mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba kila sehemu ina picha yake, na ile iliyoangaliwa inawekewa mstari mwekundu chini.

Jicho la kwanza likafanyiwa, likafunguliwa, akamwona Blessing, akamshika mashavu akasema wabeja, wabeja, yaani asante asante, tusijue anamshukuru nani. Baada ya hapo akalisogeza pazia kidogo upande wa televisheni, mimi hanioni lakini picha anaiona, na bado nikaendelea kumsimulia kwa mazoea, naye hakunikataza. Siku moja, kabla hatujaanza kuangalia, akaniuliza, "Baba Blessing, na hili lililobaki likiharibika?" Nikamwambia, "Mama, tuangalie hii kwanza, inaanza." Tukaangalia.

Kosa langu lilikuwa Ijumaa. Lusia alimpeleka kliniki, mimi nimebaki peke yangu, mguu unauma, na tulikuwa tumeachia mahali pabaya, shangazi anakaribia kukamatwa, nikasema nichungulie kidogo tu. Nikaangalia sehemu tatu! Jioni waliporudi nikajifanya sijui kitu, nikaweka ile ya kwanza tuangalie wote, na shangazi alipokamatwa nikapiga kelele, "Haa! Mama, kumbe ni yeye!" Nyuma ya pazia mama akaaga, anakwenda kulala. Kesho yake asubuhi nikiwa nje naoga, mama akaingia sebuleni, akazisoma zile picha, akaona mistari mitatu myekundu mipya, wakati pamoja tulikuwa tumeangalia sehemu moja tu. Akamwambia Lusia, "Mwambie mumeo nimeona." Akafunga vitu vyake kwenye kapu, akaondoka na gari la Didia la saa nne.

Sasa baba mkwe, Mzee Mihayo, amenipigia simu, "Umemkosea nini mama yako?" Kwa kawaida ningemtuma mshenga wangu Sostenes na mbuzi kwa wazee, lakini wazee watauliza kosa, na nikisema kosa ni televisheni watauliza mlikuwa mmekaa wapi, na nikisema tulikuwa tunazungumza kutwa nzima, mimi na mama mkwe, Bi Safiya nitaweka wapi uso wangu? Na yeye je? Lusia amepiga simu mara nne, mama anazungumzia mahindi tu. Najua hakosi kipindi chako cha redioni hata siku moja, Jumanne saa kumi ugomvi wote Didia unasubiri. Usitaje jina langu. Nifanyeje?

Mimi, Mwenye Plasta, Ibadakuli.

*

Marahaba, mwanangu. Pole na mguu. Jina lako sijalitaja kama ulivyoomba, na mengine yote nimeyabadilisha, ila mguu sikuweza kuubadilisha, kwa hiyo muda huu nikizungumza kuna watu Didia wameshakujua. Hiyo aibu uliyokuwa unaikimbia imeshatoka, tumshukuru Mungu, sasa tuzungumze mambo ya maana.

Kwanza nikuambie, nimekupenda. Wanaume wanaoniandikia kuhusu mama mkwe huwa wanataka aondoke. Wewe unataka arudi. Nimeisoma barua yako mara mbili hapa ofisini na nimecheka peke yangu kama mwehu. Lakini kupendwa na mimi hakukuponyi, maana umekosa, tena hujui ulipokosea.

Wewe unadhani mama amekasirika kwa sababu uliangalia bila yeye. Hapana. Mtu mzima yule, amelea watoto, amelima, ataacha matibabu kwa sababu ya sehemu tatu za tamthilia? Mama alikuwa haoni, akakaa nyuma ya pazia akaamini kila ulichosema. Ukisema nguo nyeusi, basi kwake ni nyeusi. Halafu siku anaanza kuona, kitu cha kwanza anachokifuma ni wewe unampigia "Haa!" ya uongo. Ungekuwa ni wewe usingejiuliza na yale mengine yote kama yalikuwa ya kweli? Ukimwomba radhi, omba radhi kwa hilo. Mambo ya sehemu tatu achana nayo kabisa.

Na la pili ndilo lililonifanya niache kucheka. Mwanangu, rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mama alikuuliza lililobaki likiharibika itakuwaje, ukamwambia "tuangalie hii kwanza". Astaghafirullah! Umeliandika katikati ya mambo mengine kama vile umeandika bei ya nyanya. Yule mama anaogopa. La kwanza alikubali lifanyiwe kwa sababu alikuwa hana cha kupoteza, haoni kitu. Sasa anaona, anamwona mjukuu wake, na anaambiwa akalale tena kwenye kile kitanda. Hofu hiyo hakuweza kumwambia mumewe, hakumwambia binti yake, alikwambia wewe. Wewe ukabonyeza kitufe. Na ulipompa sababu ya kununa, akaishika kwa mikono miwili, kwa sababu kununa ni rahisi kuliko kusema naogopa.

Halafu kuna jambo umelifanya ukidhani sijaliona. Umeniambia mama hakosi kipindi hiki. Umeniandikia mimi ili nimwombe yeye kwa niaba yako. Mjanja wewe! Nitamwambia maneno mawili matatu mwishoni, kwa sababu ya jicho lake, si kwa sababu yako. Lako utalisema mwenyewe.

Leo ni Jumanne tarehe tisa. Kesho mtafute huyo Sostenes, umpe mbuzi, dume lenye afya, siyo kile kitu cha kusimama kwa kuegemea ukuta, atangulie kwa Mzee Mihayo kama desturi yenu inavyotaka. Wazee wakiuliza kosa, aseme hivi: "Mkwe wenu amemdanganya mama yake na anajuta." Basi. Huo ndio ukweli wenyewe na unatosha. Mzee akitaka kujua mlikaa wapi, Lusia ndiye aliyepanga mkae na pazia katikati, aseme yeye. Kuna wakwe wangapi wanaumwa pamoja nyumba moja na bado wanapishana kwa heshima hivyo? Hamkuvunja kitu. Mkwe kumtunza mkwe ni aibu tangu lini?

Jumamosi uende mwenyewe, na mguu wako. Usiniambie unauma. Utakaa nje, mama atakuwa ndani, mlango ukiwa wazi, nawe umeangalia upande mwingine. Usianze na habari za shangazi wala kiwanda cha sabuni! Sema, "Mama, nilikudanganya, nisamehe." Nyamaza. Akisema, asiposema, ngoja. Halafu ile sindano uliyotaka tuiache, usiiache. Mweleze yote, ulivyolia, kama nesi alikushika, kama ulitaka kushuka kitandani ukimbie na mguu wenyewe umevunjika. Hujamsimulia mama hata siku moja kitu kilichokutokea wewe. Hicho ndicho anachokihitaji, amsikie mtu aliyeogopa akaingia na akatoka. Na akirudia lile swali, usimwambie halitaharibika, wewe si daktari na uongo umeshautumia wa kutosha. Mwambie mtamuuliza daktari pamoja kabla hajaingia, na Lusia aliandike hilo swali kwenye karatasi lisisahaulike.

Kale kakisanduku Kalisti akachukue hata leo. Mwezi wa bure ukiisha mtaamua, lakini mpaka jicho lipone, usikaguse. Ukiweza kukaa na mama bila picha mkazungumza, basi mna kitu. Mimi naamini mnaweza.

Sasa, mama. Shikamoo. Najua uko hapo, na najua umepandisha sauti ya redio. Mimi ni mdogo kwako, nisamehe nikikosea. Mkweo ni mwongo wa tamthilia, hilo tumeshalimaliza, mbuzi anakuja. Kuogopa, mama yangu, hakuna anayekucheka, mimi mwenyewe nilitolewa jino mwaka jana, watu wanne walinishika. Lakini hasira zako kwa kijana zisikunyime jicho lako. Alhamisi tarehe kumi na nane, saa mbili asubuhi. Lusia atakushika mkono mpaka mlangoni. Ukiwa ndani, ujue kuna kijana nje kwenye benchi, mguu ameunyoosha, uso ameuinamisha chini kama inavyotakiwa, na hatanyanyuka pale mpaka aambiwe mama yake ametoka salama.