Daktari wa Ng'ombe, Fundi Cherehani na Kreti ya Fanta

Jumapili, mwezi wa pili, St Marys, Sydney. Jua la leo limechoma hata majani ya jirani, na yeye humwagilia kila asubuhi. Sasa kumepoa kidogo. Nimekaa kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji, naandika shajara yangu hii ya mtandaoni kwa simu, kwa kidole kimoja kama kawaida yangu. Mkiona herufi imeruka, mniwie radhi. Shule yangu iliishia darasa la nne.

Moyo wangu leo umefanya kazi ya mwezi mzima.

Lakini nianze na kitabu, maana kitabu ndicho kilichonitia katika haya yote. Kitabu na mdomo wangu.

Mnaonisoma mnajua kwamba kila Jumamosi, baada ya kwaya, sisi wanawake tunabaki katika ukumbi wa kanisa kule Blacktown na dada Wambui anatusomea. Wambui ni Mkenya, ni nesi katika nyumba ya wazee ambako mimi nafanya kazi ya kufua. Kitabu ni cha Kiingereza. Yeye anasoma ukurasa kimoyomoyo, anacheka peke yake, halafu ndipo anatusimulia kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Tukilalamika kwamba anacheka kabla yetu, anasema, "Ngojeni basi, si nawaletea."

Hadithi ni ya mapenzi, ya kuchekesha. Kuna mji mdogo Amerika, mtaa mmoja, taa moja ya barabarani, theluji hadi unachoka. Wageni mji mzima ni wawili. Mmoja ni Kwabena, daktari wa ng'ombe kutoka Ghana. Mwingine ni Ilona, fundi cherehani kutoka Hungaria, mwembamba, mwenye majibu makali. Wenyeji si watu wabaya, ila wanajua kila kitu. Ukinunua sabuni asubuhi, mchana mtu wa posta anakuuliza ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani.

Hapo nilicheka sana, kwa sababu ni sisi kabisa. Sydney ni kubwa, ndiyo, lakini sisi Warundi tuliotoka kambini Tanzania tuliubeba mji wetu mdogo tukaja nao. Nikikaanga samaki hapa St Marys, Blacktown wanauliza kama alikuwa mbichi au wa barafu.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya bakuli. Bibi mmoja jirani alimpelekea Kwabena chakula cha kumkaribisha mjini. Kwabena amelelewa vizuri, hawezi kurudisha chombo kitupu, akakirudisha na samaki wa pilipili. Bibi naye akaona haya kushindwa na mgeni, akajaza keki. Bakuli likaenda na kurudi msimu wote wa baridi, hadi mji mzima ukawa unabashiri leo limebeba nini. Na aliyelipitisha, kwa kuwa duka lake lilikuwa katikati ya nyumba hizo mbili, ni Ilona. Ndivyo walivyozoeana. Mapenzi yao yalianza kwa kubeba chakula cha watu wengine.

Wenzangu walicheka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kidogo tu, nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Kiatu changu hakina kamba.

Ni kwamba na mimi nina bakuli. La plastiki, lilikuwa la aiskrimu. Mwaka jana nilimpa Baba Furaha sombe, yaani kisamvu, ndani yake. Baba Furaha ni Mkongomani, mgane kama mimi nilivyo mjane, ndiye anayeshughulikia spika na nyaya pale kanisani. Likarudi na mayai. Nikaweka maharage, likarudi na machungwa. Akienda Fairfield kununua muhogo ananipitia, maana mimi kuendesha gari naogopa. Njiani tunaongea habari za watoto na bei ya unga, basi. Nilikuwa najiambia huu ni ujirani tu.

Yeye anakaa Blacktown, mwendo wa gari kutoka kwangu.

Sasa, jana. Wambui akatufikisha pale Kwabena anapopata ujasiri. Ni sikukuu yao ya maboga, mji mzima uko uwanjani. Kwabena anapanda jukwaani, anashika kipaza sauti, anapiga goti mbele ya watu na maboga yao, anamwomba Ilona waoane. Ilona anatazama huku, anatazama kule, anakimbia. Anapanda basi na kuondoka mjini, pini bado zimechomekwa kwenye blauzi. Wambui akafunga kitabu hapo hapo. Ndiyo tabia yake.

Ubishi ukaanza. Wengi walimlaumu Ilona, kwamba mwanamke mwenye akili hakimbii daktari. Mimi kwa kawaida hukaa nyuma nikauma kucha. Jana nikasimama. Mambo ya kuposa nayajua, hayaombi cheti.

"Kosa ni la daktari," nikasema. "Mtu mzima, amelelewa Afrika, anampigia mwanamke goti mbele za watu kama anauza boga. Angetuma wazee."

Wambui akanijibu, "Awatume kwa nani, mama? Huyu msichana hana baba, hana mjomba, ako pekee yake huko Amerika. Aki, muhurumie huyo daktari."

"Hakuna mtu asiye na mtu. Amtafute yule anayekula naye sahani moja, hata awe mdogo. Atume wazee kwake, na kreti ya soda, kwa adabu. Mwanamume anayelijua hilo, mimi nisingemkimbia."

Ile ya mwisho sikuipanga. Ilitoka tu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikakaa na raha ya mtu aliyesema kweli. Ndipo kitu kikaanguka stoo, nyuma ya pazia, na Baba Furaha akatoka huko na waya umemzunguka shingo. Akasema, "Bon, spika imepona," akapita. Hakunitazama.

Tangu lini Baba Furaha anapita bila kunisalimu?

Usiku nimelala vibaya. Asubuhi kanisani hakuja karibu. Nikajua nimemchekesha au nimemkimbiza, moja kati ya hayo.

Nimerudi nyumbani, nikavua viatu, nikateleka wali. Eliya alikuwa nje anaosha gari. Kwa wasiomjua, Eliya ndiye mtoto wangu wa pekee, ana miaka ishirini na minne, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala. Baba yake tulimzika kambini. Tulishuka kwenye ndege hapa watu wawili, mimi na yeye, akiwa amenishika sketi. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Kwenye dirisha la jikoni nikaona wazee wawili wanaingia getini, suti nyeusi kwenye joto hili. Mzee Bonifasi wa kanisani kwetu na shemeji yake. Kati yao wamebeba kreti ya Fanta. Wakaitua kibarazani, wao wakaingia sebuleni, kreti ikabaki nje.

Nikajua papo hapo.

Kreti inayobaki nje inangoja jibu. Wakikubaliwa, inaingizwa ndani na kufunguliwa. Wakikataliwa, wanaondoka nayo na hakuna atakayesema kitu. Na mwanamke anayeposwa haketi sebuleni. Nikasimama jikoni na mwiko, mlango nimeurudisha nusu.

Eliya yeye hakujua lolote. Viti vya plastiki vya jumuiya yetu vinakaa kwenye gereji yangu, na kila anayekuja kwetu na suti siku ya Jumapili amekuja kuazima viti vya harusi au vya msiba. Kwa hiyo Mzee Bonifasi alipokohoa na kuanza, "Kijana wetu, sisi ni watu wa kutoka mbali," kijana alishatoka kwenda gereji. Mzee anaendelea na hotuba, Eliya anapita na viti mkono huu na mkono huu kuvipeleka barabarani. Mzee anafika kwa mababu, Eliya anapita tena. Mimi nimeuma mwiko.

"Eliya," Mzee Bonifasi akasema mwishowe, "viti hivyo weka chini, mwanangu. Kimoja ukalie wewe. Hatukuja kuazima. Tumekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Mama yako."

Wali ukaanza kunusa moshi. Sikuugusa.

Mwanangu akauliza kwa Kiingereza kama huo ni utani. Mzee akamwambia hapana, wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii, ndugu mwingine mama yako hapa hana. Anayemwomba ni Baba Furaha. "Na mama mwenyewe jana alitoa maelekezo mbele ya kanisa. Alisema twende kwa anayekula naye sahani moja, hata awe mdogo. Soda alisema. Tumefuata neno kwa neno."

Shemeji akaongeza, "Hata adabu tumeleta."

Hapa niseme ukweli, shajara yangu. Baba Furaha sikumwogopa. Nilimwogopa Eliya. Huyu mtoto tumelala naye njaa, tumeshiba naye. Nilijua kwamba akicheka tu, hata kidogo, akisema mama na uzee huo, nitatoka jikoni niibebe kreti mwenyewe mpaka kwenye gari lao, na habari hiyo sitaigusa tena hadi naingia kaburini. Nisingekuwa na nguvu ya kumpinga. Jibu lake ndilo lingekuwa langu.

Hakucheka. Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari, pale kona. Mposaji siku ya kwanza haonyeshi uso."

"Kwenye jua hili?"

Akaja jikoni, akafungua friji, akatoa chupa ya maji baridi. Akanipita. Nikamwona dirishani anavuka barabara, anafungua mlango wa gari, anaketi ndani na Baba Furaha. Wakakaa. Mimi nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, nikavipanga, nikaviosha tena. Sebuleni Mzee Bonifasi alianza kukoroma taratibu.

Walichozungumza mle ndani sikijui mpaka sasa, na sijauliza. Ni chao.

Eliya akarudi moja kwa moja jikoni, akafunga mlango. Akaniuliza kwa Kiswahili, kile chake kinachochechemea.

"Mama. Wewe unataka?"

Nilipoposwa mara ya kwanza nilikuwa mtoni. Niliporudi na maji kichwani jibu lilishatolewa na pombe ilishanywewa. Baba yangu alinichagulia mtu mwema, sina lawama, nilimlilia sana nilipompoteza. Lakini swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu. Na jana nimesimama kumgombeza daktari wa watu kwa sababu alimuuliza mwanamke mwenyewe. Kumbe swali ni tamu namna hii. Kosa lake lilikuwa uwanja na maboga. Wazee ni wazuri, kreti ni nzuri, sirudi nyuma kwa hilo. Ila baada ya wazee, mtu akufungie mlango akuulize wewe.

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba hatutahama bila yeye. Kwamba baba yake yuko palepale alipo moyoni mwangu. Badala yake nikazima jiko.

"Mtoe huyo mtu juani kabla hajaanguka," nikasema. "Na ile kreti iingie ndani."

Eliya maana ya kreti hakuwa anaijua. Lakini alinitazama usoni, akacheka sasa, kicheko chake cha utotoni, akatoka akaiweka begani peke yake. Ilipopita mlangoni Mzee Bonifasi akazinduka, akaanza kupiga makofi kabla hajafungua macho vizuri.

Baba Furaha akaingia, shati limemganda mgongoni. Mkononi ameshika bakuli langu la aiskrimu. Ndani mlikuwa na maandazi aliyoyapika mwenyewe, ya kwanza maishani mwake alisema, na hakuwa na haja ya kusema. Tumeyalainisha kwa Fanta. Tumeyala yote. Wali hakuna aliyeuulizia.

Sasa wameondoka. Eliya anarudisha viti gereji, anaimba. Mchungaji bado hajaambiwa, na maneno yatakuwepo, najua, watu wetu hawawezi kukosa neno. Acha wabashiri, kama wale wa mji wa theluji. Safari hii maneno yao hayanitoi jasho.

Wambui ameshapiga simu mara mbili, maana yake ameshasikia. Nilipopokea nikamwambia kitu kimoja tu: usithubutu kuniambia kama Ilona alishuka kwenye lile basi. Nataka nisikie na wenzangu.

Kesho nina zamu ya alfajiri, na mashuka ya wazee hayangoji mchumba wa mtu. Jumamosi nitakaa mbele. Nikiwa na la kusema juu ya yule daktari, kwanza nitachungulia nyuma ya pazia la stoo.

Si kwa kuogopa. Nataka asikie vizuri.