Mayai ya Chatu wa Hanif

Safiya, mayai ya chatu yameharibika. Yote kumi na nane.

Ndugu yangu Hanif ameyalea miezi miwili kwa boksi, chini ya balbu. Leo amerudi kutoka Masii, wiki mbili hakuwa nyumbani, akapasua moja. Ndani kulikuwa na katoto kamekamilika, hadi madoadoa. Kamekufa.

Mayai ya nyoka hayageuzwi. Ukigeuza, mtoto anafia ndani. Hanif aliweka alama ya peni juu ya kila yai. Leo alama zingine ziko kando, zingine chini.

Akamuuliza Mama pole pole. Mama akasema, "Si nilikuwa nayageuza kila asubuhi nikishaswali, kama ya kuku. Nilitaka nikusaidie."

Kila asubuhi, Safiya. Na Bismillahi juu.

Hanif alifunika boksi. Halafu akamwambia ni baridi ya Machakos imeyaua. Sijui alitoa wapi hiyo roho.

Mama amelia, akaenda akaleta leso yake ya harusi.

"Chatu akitaga tena tuyafunike na hii," akasema. "Na kuyageuza uniachie mimi."