Nyumba ya Bibi Satkyn

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye nyumba ametaka nyumba yake. Mwisho wa mwezi! Mama anakunjakunja magodoro siku nzima. Safari hii tununue yetu. Hapa mjini Osh kila mtu ana dalali wa kumsifia. Jirani kanipa namba ya Mirlan. Sauti laini. "Usihangaike, dada, mimi ndugu yako."

Jumatano, 5 Machi
Nyumba nzuri, ghorofa ya tatu, jua tele. Ila jikoni palikuwa na bikizee anachemsha chai. Mirlan akasema ni shangazi wa muuzaji, akili zimemruka, wiki ijayo anahamia kwa mwanawe. Alipokwenda kufungua dirisha, yule bibi akanishika mkono. Akanong'ona, "Mwanangu, mimi sijauza."
Bado nausikia ubaridi wa vidole vyake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa dalali mwingine, Bi Burulcha. Mkali huyo! Anatafuna mbegu za alizeti, hasifii kitu.
"Hati umeiona?"
"Nakala tu."
"Na mwenye hati, umemwona sura?"
Nikatikisa kichwa.
"Basi ulikuwa unanunua picha, binti."
Amesema Jumatatu ataulizia kwenye ofisi ya ardhi. Nisitie sahihi popote.

Jumamosi, 8 Machi
Sikukuu ya wanawake. Mlango ukabishwa — Mirlan, na maua ya manjano. Moja la Mama, moja langu. Mama akamkaribisha, akamkatia mkate, akamwita mwanangu. Mimi sikuwahi kumwambia ninakoishi. Sikuwahi!
Akitoka, akaniinamia sikioni: kasikia nimekwenda kwa yule mama wa mbegu. "Mji mdogo huu, dada. Mtu huchagua rafiki."
Mama ameyatia maua kwenye mtungi. Siwezi kuyatazama.

Jumatatu, 10 Machi
Ninaandika jikoni kwa yule bibi. Anaitwa Satkyn. Nyumba ni yake. Hana mtoto, hana mpwa. Bi Burulcha ameyakuta ofisini asubuhi: kwenye karatasi Bibi Satkyn amekufa tangu Januari. Amekufa, amerithiwa, na mrithi anauza!
Tulikuja naye hapa, tukamwambia bibi kwa upole. Akacheka kidogo, akauliza kazikwa wapi.
Bi Burulcha amekwenda kumleta askari wa mtaa. Akaniachia neno moja: "Usimfungulie mtu." Nilitaka kukimbia nyumbani. Nikamtazama bibi peke yake na birika lake, nikatia komeo la ndani.
Sasa kuna mtu ngazini. Hatua za taratibu. Si Bi Burulcha na askari, ni mtu mmoja.
Ni Mirlan. Anabisha kwa kidole. "Aizirek, dada yangu, najua umo humo. Fungua tuongee." Sauti ileile laini. Kisha mlio wa chuma — ana ufunguo! Komeo la ndani limeshika. Kwa sasa. Linacheza.
 Bibi Satkyn amenisogezea kikombe changu, akaburuta kigoda chake, akaketi kati yangu na mlango.